Kocha Mbuni na Timu ya Bondeni

Sogeeni, ngano inapita!

Na ipite kwetu, tumeketi!

Inapita na nini?

Na utamu wake!

Na asiyesikiliza?

Atasimuliwa na jirani!

Haya, basi. Hapo zamani, zamani sana, wakati mpira wa miguu bado unasukwa kwa majani makavu ya migomba na kukazwa kwa kamba za katani, walikuwapo wanyama wa Bondeni na wanyama wa Nyikani. Kati yao palikuwa na bwawa moja tu.

Masika bwawa lilijaa, kila mmoja akanywa atakavyo. Kiangazi kilipoingia maji yalipungua, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wanaokunywa asubuhi hukuta maji safi, yametulia. Wanaokunywa jioni hukuta tope, limekwisha kukanyagwa na kwato zisizo na idadi.

Waligombana miaka na miaka mpaka wakachoka. Mwishowe wakakubaliana kwamba kila mwaka, kabla ya kiangazi, timu zao zitacheza mara tatu. Mechi mbili za mwanzo ni za kupimana nguvu tu. Ya tatu ndiyo yenyewe. Atakayeshinda ya tatu atakunywa asubuhi kiangazi kizima. Refa wakamchagua Korongo, kwa kuwa yeye ni mpita njia, hana ndugu huku wala kule.

Sasa niwaambie timu ya Bondeni ilivyokuwa. Nahodha alikuwa Mzee Kobe, anayecheza katikati. Golini alisimama Bi Kiboko, na akishasimama, goli lenyewe huwezi kuliona. Walikuwapo Bata, Nungunungu, Kakakuona na wengine, wote watu wa mwendo wa pole. Mwenye mbio alikuwa mmoja tu, Sungura.

Mwaka huo kocha wao wa siku nyingi, Mama Tembo, alihamia ng'ambo ya mlima kwa binti yake, akalee wajukuu. Timu ikabaki haina mwalimu. Wakaulizana, wakashauriana, wakasema tumtafute mtu mwenye jina. Ndipo wakamwendea Mbuni.

Mbuni alikuwa na jina kweli. Enzi zake za kucheza hakuna beki aliyewahi kumkamata. Akipewa mpira, unaona vumbi, halafu unasikia watu wanashangilia bao. Alipofika Bondeni wanyama walijipanga kumpokea, akawatazama kutoka juu ya ile shingo yake, akasema, "Nipeni miezi miwili. Nitawafanya muwe upepo."

Wakapiga makofi. Nani hataki kuwa upepo?

Mchezo wa Mbuni ulikuwa wa namna moja. Mpira utangulie mbele, miguu iufuate mbio. Hakuna kusimama, hakuna kurudisha nyuma, hakuna kungojana. Asubuhi ya kwanza ya mazoezi aliwaamuru walizunguke bonde mara tatu.

Mzunguko wa kwanza, Sungura akarudi peke yake. Mzunguko wa pili, Sungura akarudi, akawakuta wenzake wanapumzika njiani. Mzunguko wa tatu, Sungura akarudi, na Mzee Kobe alikuwa bado hajamaliza wa kwanza.

Mbuni akasema watazoea. Kila siku akawakimbiza. Bata akachubuka miguu. Kakakuona akawa akisikia filimbi tu anajikunja mviringo, hafunguki mpaka filimbi inyamaze. Bi Kiboko alikimbia asubuhi, akakimbia jioni, na jasho likamtoka kama ameoga. Sungura peke yake ndiye aliyenawiri. Mbuni alimsifu mbele ya wote, akawa anawaambia, "Mtazameni Sungura. Kuweni kama Sungura."

Walijaribu, maskini. Hakuna aliyekataa.

Siku ya mechi ya kwanza ikafika. Nyikani wakaja na pundamilia, nyumbu na swala wao, wote miguu mirefu. Korongo akapuliza filimbi.

Bondeni wakakimbia kama walivyofundishwa. Wakakimbia mbele wote kwa pamoja, nyuma kukabaki wazi. Nungunungu alirukia mpira kwa kasi, mpira ukamnasa mgongoni kwenye miiba, naye kwa kuwa aliambiwa asisimame, akakimbia nao mpaka nje ya uwanja, akaingia porini. Ikabidi atafutwe. Bi Kiboko aliambiwa naye atoke golini aje ashambulie. Akatoka. Alipofika katikati ya uwanja pumzi zikamwishia, akakaa chini. Aliposimama Nyikani walikuwa wamefunga matano.

Mechi ikaisha matano kwa bila. Mbuni alikuwa na hasira. Akamgeukia Bi Kiboko mbele ya mashabiki, mbele ya watoto wake, akamwambia, "Wewe ni mzigo kwa timu hii."

Bi Kiboko aliondoka uwanjani. Alikwenda bwawani, akazama, zikabaki pua tu nje ya maji. Siku mbili hakutoka.

Mzee Kobe alimfuata Mbuni, akamweleza taratibu kwamba huyu mama ameilindia timu goli tangu wengine hawajazaliwa. Mbuni akasema yeye ameletwa kufundisha mpira, hakuletwa kusikiliza historia.

Ikaja mechi ya pili. Mbuni alikuwa amefikiri sana, lakini alifikiri upande mmoja. Alijiambia kwamba mchezo wake hauna kasoro, kasoro ni wachezaji. Kwa hiyo akaenda Nyikani kimya kimya, akawashawishi swala watatu, vijana wenye mbio, waje wachezee Bondeni. Sheria ilisema mchezaji awe mkazi. Mbuni akawafundisha kwamba wakiulizwa waseme wamehamia juzi.

Siku ya mechi Korongo akawauliza. Wakajibu kwa pamoja, "Tumehamia juzi." Korongo akawatazama kwa jicho moja, akawaacha.

Waliowekwa benchi ili kuwapisha ni Bata, Kakakuona na nahodha mwenyewe, Mzee Kobe. Kobe alikivua kitambaa cha unahodha mkononi, akakikunja vizuri, akakiweka chini ya gamba lake.

Mpira ukaanza. Mechi hiyo ilichezwa kwenye uwanja wa Bondeni, na uwanja wa Bondeni ni udongo wa mfinyanzi. Swala hao vijana hawajawahi kuchezea hapo, kwato zao zimezoea ardhi ngumu. Wakikata kona, wanateleza. Wakitaka kusimama, wanapitiliza.

Hilo lingevumilika. Lakini mshambuliaji wa Nyikani alikuwa mjomba wao. Alipokuja na mpira, swala wa kwanza badala ya kumzuia akasimama kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mjomba." Mjomba akajibu, "Marahaba, mama hajambo?" huku mguu wake unapiga. Bao.

Mara ya pili akaja shangazi. Swala wa pili naye akamwamkia, akamuulizia watoto. Bao.

Mara ya tatu akaja binamu yao, na swala wa tatu akamuuliza kama majani ya kule nyumbani yameshaota. Korongo alikuwa amesimama karibu. Akapuliza filimbi, akauliza nyumbani ni wapi. Swala akasahau alichofundishwa. Akanyoosha mguu, akaonyesha Nyikani.

Watatu wote wakatolewa nje. Timu ikabaki na upungufu, ikafungwa saba. Swala waliondoka na wajomba zao jioni ile ile, wakicheka njia nzima, wala hawakuaga.

Basi ikawa aibu juu ya aibu. Kufungwa ni jambo moja. Kuonekana mdanganyifu ni jambo jingine. Wanyama wa Bondeni hawakumtukana Mbuni, ila walimnyamazia. Akipita, mazungumzo yanakatika. Ilibaki wiki moja na nusu kabla ya mechi ya tatu, na kina mama walikwisha kuanza kuulizana watawanywesha nini watoto wao kiangazi hiki. Mama mmoja alikumbusha mwaka wa tope, namna watoto walivyoumwa matumbo.

Mbuni aliyasikia hayo. Asubuhi ya siku ya tatu baada ya mechi akafunga vitu vyake. Alikusudia kuondoka asimuage mtu, maana alijua hakuna atakayemzuia.

Alikuwa amefika ukingoni mwa bonde alipogeuka kutazama nyuma, akaona moshi.

Moto ulikuwa umetoka mlimani, umeshuka na upepo, umeingia kwenye matete upande wa chini wa bwawa. Na ndani ya matete yale ndimo Bata alimokuwa ametaga. Ndimo pia alimolala mtoto wa Bi Kiboko, aliyezaliwa mwezi uliopita.

Mbuni akatupa mzigo, akarudi mbio. Alimpita kila mtu njiani. Akafika bwawani, akajaza kibuyu, akakitundika shingoni, akatimua mbio kwenye moto. Alipofika, kibuyu kilikuwa nusu. Mengine yamemwagikia njiani.

Akarudi mara ya pili, akaongeza mbio. Alipofika, yamebaki maji ya kuoshea uso.

Akarudi mara ya tatu, akakimbia kwa nguvu zake zote, akajikwaa kwenye kisiki, akaanguka. Kibuyu kikapasuka.

Alipoinua kichwa kutoka kwenye vumbi ndipo akaona wenzake wanafanya nini. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja, kutoka bwawani mpaka kwenye matete. Hakuna aliyekimbia. Hakuna hata aliyehama mahali pake. Kibuyu kilitoka majini mikononi mwa Bata, kikapita kwa Kakakuona, kwa Mzee Kobe, kwa yule na yule, kwa Nungunungu, kikafika kwa Bi Kiboko aliyesimama mbele kabisa, na Bi Kiboko akamwaga. Vibuyu vitupu vikarudi kwa upande wa pili. Na walikuwa wakiimba, kwa sauti ya chini, kama watu wanaotwanga:

*Pokea, mpe jirani,*
*pokea, mpe jirani,*
*usikae nacho,*
*usikirushe,*
*pokea, mpe jirani.*

Wala tone halikumwagika.

Mbuni alisimama pale, hajui akae wapi. Bi Kiboko akamwona. Uso wake ulikuwa mweusi kwa moshi na mwanawe alikuwa bado ndani ya matete. Akamwambia, "Mwalimu, simama hapa, kati yangu na Nungunungu. Pana nafasi."

Akasimama. Akapokea, akampa jirani. Akapokea, akampa jirani. Mwanzoni alikuwa anaharakisha, Nungunungu akamgusa kidogo kwa mwiba, akapunguza. Kabla jua halijafika utosini moto ulikuwa umezimika. Mtoto wa Bi Kiboko alitoka akikohoa, mzima. Mayai ya Bata yalikuwa na joto tu.

Wote wakakaa chini kupumzika. Mbuni akawatazama mmoja mmoja. Wamefanya kazi tangu asubuhi na hakuna aliyekuwa anahema, isipokuwa yeye.

Akaenda akakaa karibu na Mzee Kobe. Alikunja miguu yake mirefu na kushusha shingo mpaka macho yake yakawa sawa na ya Kobe.

"Mzee," akasema, "muda wote huu nimekuwa nikiwafundisha kuwa mimi."

Kobe akafikiri kwanza. Ndivyo alivyo. Kisha akajibu, "Na sisi tulijaribu, Mwalimu. Hatukukaidi. Ila mimi nikijaribu kuwa wewe, hupati Mbuni, na Kobe unamkosa."

Mbuni akainuka, akaenda kwa Bi Kiboko. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Alimwomba radhi mbele ya wale wale waliomsikia akimtukana. Bi Kiboko alikuwa akimfuta masizi mwanawe, akaendelea kumfuta mpaka akamaliza, halafu akasema yamekwisha, na kwamba kama Mwalimu anataka kumfurahisha, amrudishe golini na asimtoe tena.

Kesho yake mazoezi yakaanza upya. Kulizunguka bonde kukafutwa. Mbuni aliwapanga uwanjani kama walivyojipanga siku ya moto, kila mmoja na jirani yake, mpira mfupi wa chini kwa chini, ukipokea mpe mwenzio. Kobe alirudishiwa kitambaa chake na kuwekwa katikati, kila mpira upitie kwake, kwa sababu Kobe hapotezi kitu. Nungunungu akaambiwa mpira wa juu si wake, auache upite. Kakakuona akaruhusiwa kujikunja mviringo mbele ya washambuliaji, maana ni beki gani mzuri kuliko jiwe linaloviringika?

Wote wakafurahi, isipokuwa Sungura.

Sungura alisikitika kweli. Jana alikuwa mfano wa timu, leo kila akipewa mpira anaharibu mstari, maana anakimbia nao kabla wenzake hawajafika. Siku ya kwanza akajaribu kungoja, akashindwa. Siku ya pili akajaribu, akashindwa. Siku ya tatu akamfuata Mbuni, macho mekundu, akamuuliza kama sasa hana kazi.

Mbuni akamjibu, "Kazi unayo, tena kubwa. Utakaa benchi mpaka nikuite. Nikikuita, utakimbia mara moja tu."

Sungura akauliza kama kweli atamwita. Mbuni akamwambia nitakuita.

Mechi ya tatu ikafika. Wanyama walikuja wote, wa huku na wa kule, na kina mama wakaja na watoto migongoni. Jua lilikuwa kali. Korongo akapuliza.

Nyikani walianza kwa kasi ya ajabu. Dakika chache tu Pundamilia akapata upenyo, akafunga. Moja kwa bila. Mashabiki wa Bondeni wakanyong'onyea. Wengine wakaanza kupiga kelele kwamba timu ikimbie, inangoja nini.

Na Mbuni, jamani, alikuwa amekwisha kusimama. Mwili wake wote ulitaka kusema kimbieni. Neno lilipanda shingoni, na shingo ile ni ndefu, mnajua, lilichukua muda kufika. Kabla halijatoka, akalimeza. Akakaa chini.

Uwanjani Mzee Kobe akauchukua mpira kutoka golini, akampa Bata. Bata akampa Kakakuona. Kakakuona akamrudishia Kobe. Ule wimbo ukaanza tena, kidogo kidogo, *pokea, mpe jirani*. Pundamilia akaukimbilia mpira kwa Bata, akakuta umekwenda. Nyumbu akaukimbilia kwa Kakakuona, akakuta umekwenda. Swala akaukimbilia kwa Kobe, umekwenda. Wakakimbia hivyo kipindi cha kwanza kizima, wanauona mpira, hawaugusi. Mara mbili tu waliupata, wakapiga golini, na golini hapakuwa na goli. Palikuwa na Bi Kiboko.

Sungura akasimama kutoka benchi. Mbuni akamwambia bado.

Kipindi cha pili, jua likazidi. Ndimi za Nyikani zikaanza kuning'inia. Bondeni wakaendelea vile vile, pasi kumi, pasi ishirini, wanasogea hatua moja moja kama maji yanavyopanda ukingoni. Wakafika mbele ya goli bila kuonekana wamefikaje. Nungunungu akausukuma kwa mguu, polepole, ukavuka mstari. Ikawa bao moja kwa moja.

Sungura akasimama tena. Mbuni akamwambia bado kidogo.

Zikabaki dakika za mwisho. Nyumbu akainama kushika magoti. Pundamilia akawa anatembea. Hapo Mbuni mwenyewe akamgeukia Sungura, akamwambia, "Sasa."

Sungura akaingia. Mzee Kobe alikuwa na mpira, mgongo umegeukia goli, na wala hakugeuka. Alijua Sungura atakuwa wapi. Akaupitisha katikati ya mabeki wawili waliochoka, mbele kwenye uwanja mtupu. Sungura akakimbia mara moja tu, kama alivyoambiwa. Alikuwa ameibana mbio hiyo siku hizo zote. Hakuna aliyemfuata, walimtazama tu. Golikipa wa Nyikani akatoka, Sungura akampitishia pembeni.

Mawili kwa moja. Korongo akapuliza filimbi ya mwisho.

Kelele zilizopigwa siku hiyo sizisemi. Bi Kiboko alilia, halafu akasema ni vumbi. Sungura alibebwa, Kobe alibebwa, na walipotaka kumbeba Mbuni wakashindwa kujua wapi waishike ile miguu, wakamwacha atembee. Nyumbu, nahodha wa Nyikani, akaja kumpa Kobe mkono, akasema kwamba katika maisha yake hajawahi kukimbia vile na kutofika popote.

Kiangazi kikaingia. Asubuhi ya kwanza Bondeni walishuka bwawani wote pamoja. Maji yalikuwa yametulia, unaona mpaka mchanga wa chini. Watoto walikunywa kwanza, halafu wazee, halafu wachezaji, na Mbuni akanywa katikati yao.

Walipokuwa wanakunywa, tawi la kando ya maji likatikisika. Alikuwa Kinyonga. Alikuwa amewasili tangu alfajiri ila hatua ya mwisho ilimchukua muda. Akasema kwa haya kwamba angependa, kama haitakuwa usumbufu, mwakani ajaribiwe kwenye timu. Sungura akashindwa kujizuia, akacheka mpaka maji yakamtoka puani.

Mbuni hakucheka. Alishusha shingo mpaka kwenye tawi, akamuuliza, "Wewe, Kinyonga, unaweza nini?"

Kinyonga akasema, "Naweza kutazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja."

Mbuni akamwangalia Kobe, Kobe akamwangalia Mbuni. Kisha Mbuni akamwambia Kinyonga kwamba mazoezi yanaanza saa moja asubuhi, na kwamba aondoke nyumbani mapema.

Basi, wenzangu mliosikiliza, hili ndilo funzo. Ukipewa watu uwaongoze, iwe timu, iwe nyumba, iwe kazi, kwanza uwajue. Usiwapime kwa miguu yako. Tazama kila mmoja anaweza nini, ndipo uchague njia ambayo wote mtaiweza. Na wewe unayeongozwa, siku yako ikichelewa kuja, usikate tamaa. Jiweke tayari.

Ngano yangu inaketi hapa. Ilipokuwa tamu, chukueni mwende nayo nyumbani mkawagawie waliolala. Ilipokuwa chungu, niachieni mimi, nitaitafuna mwenyewe.